Goti la Shangazi na Jiji la Vilima Saba

Karatasi yenyewe ilikuwa ya manila, nyeupe, kubwa ya kufunika nusu ya meza. Niliigawa kwa rula: siku tano juu, saa pembeni, na ndani ya visanduku nikaandika kwa kalamu za rangi kila kitu ambacho mtu anayekwenda Istanbul kwa mara ya kwanza huambiwa asikikose. Bluu misikiti, nyekundu makasri, kijani masoko. Nilipohesabu, vilifika ishirini na saba. Nikasimama kando nikaitazama kazi yangu kama fundi aliyemaliza kupaua.

Shangazi alivaa miwani, akainama juu ya meza, kidole kikipita mstari kwa mstari kama anayesoma hati ya shamba. Hakusema neno mpaka alipofika chini.

"Na kula, mwanangu, tutakula saa ngapi?"

Nikamwonyesha. Pembeni kabisa, kwa penseli, niliandika: chakula, popote.

"Popote," akarudia, akavua miwani. "Mimi nipande ndege usiku kucha niende kula popote?"

Kisha akanyoosha mguu wa kulia na kuligonga goti lake kwa kidole. "Na huyu naye umemwandikia wapi?"

Hiyo ilikuwa Januari 2019. Alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia, na mimi nilikuwa nimemwahidi zamani kwamba siku atakayoacha kazi nitampeleka mji wowote atakaoutaja. Nilidhani atasema Makka, na kule alikwishakwenda. Akataja Istanbul, kwa sababu rafiki yake mmoja alikuwa amemletea boksi la lokum kutoka huko, zile peremende laini zilizopakwa unga wa sukari, na toka siku hiyo hakupumua. Rafiki huyo ndiye aliyemjazia daftari. Nami sikujua kama kuna daftari mpaka usiku ule, alipoingia chumbani akatoka nalo: kurasa tatu za vyakula, kila kimoja na maelezo yake. Menemen, mayai yaliyopikwa na nyanya na pilipili hoho, yanaliwa kikaangoni humohumo. Samaki ndani ya mkate, Eminönü, karibu na daraja. Boza, kinywaji kizito cha nafaka iliyochachushwa, kinanyunyiziwa mdalasini na kuliwa na dengu za kukaanga. Majina ya Kituruki aliyaandika anavyoyasikia, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ikawa kutafuta "lamajuni" ni nini. Ni lahmacun, mkate mwembamba uliotandazwa nyama ya kusaga. Unauminyia limau, unatia kotimiri, unaukunja.

Basi tukaanza upya, na safari hii ramani ndiyo iliyotangulia. Hapo ndipo nilipoona upumbavu wangu waziwazi. Istanbul imekatwa na maji mara mbili. Kuna mji mkongwe, umejitokeza kama ulimi kati ya Bahari ya Marmara na ghuba waiitayo Pembe ya Dhahabu. Ukivuka daraja la Galata unaingia upande wa pili, bado Ulaya. Ukivuka mlangobahari wa Bosphorus uko Asia. Ile karatasi yangu ya manila ilituvusha maji mara nne kwa siku moja, Jumamosi, kwa sababu tu niliandika mambo kwa kadiri yalivyonijia.

Na si hilo tu. Soko kubwa lenye paa, Kapalıçarşı, nililiweka Jumapili. Jumapili linafungwa. Kasri la Topkapı nililiweka Jumanne. Jumanne linafungwa. Kasri la Dolmabahçe hufungwa Jumatatu, na hilo nililipatia kwa bahati. Ukipanga safari ya mji kama huo, usianze na unachotaka kuona. Anza na milango iliyofungwa. Sikumwambia Shangazi. Nilifuta taratibu, nikajifanya nanyoosha mistari.

Kazi ngumu ilikuwa vilima. Wanauita mji wa vilima saba, na goti la Shangazi lilikuwa na maoni kuhusu kila kimoja. Kutoka Karaköy, mtaa ulio ng'ambo ya daraja la Galata, kupanda hadi barabara ya İstiklal ni mwinuko ambao hata vijana huusimamia njiani wakajifanya wanapiga picha. Nikasoma, nikasoma, hadi nikaipata Tünel: treni fupi ya chini ya ardhi inayovutwa kwa kamba kupanda kilima hichohicho. Imekuwapo tangu 1875; ni ya London tu, ya 1863, iliyoitangulia. Safari yake haifiki hata dakika mbili. Nilipomweleza, Shangazi alitikisa kichwa kwa huruma.

"Miaka yote hiyo wanajua kilima kinaumiza watu. Wewe umejua leo."

Mwezi tuliuchagua kwa makini. Ramadhani ya mwaka ule ilitarajiwa kuanza mapema Mei, na yeye hakutaka kufunga safarini wala kukosa kula mchana. Aprili basi, tulipu zikiwa zimechanua. Rafiki yake alimsifia bustani ya Emirgan, lakini iko mbali juu ya Bosphorus, na barabara ya huko hujaa magari. Nikaiona Gülhane, bustani iliyo chini ya ukuta wa Topkapı, yenye kituo chake cha tramu. Tulipu ni tulipu. Hilo alilikubali bila ubishi, na ndilo pekee.

Sehemu niliyojivunia kuliko zote ilikuwa namna ya kuingia mjini. Uwanja wa ndege wa Atatürk ulikuwa na metro mpaka mlangoni. Unapanda, unashuka Zeytinburnu, unabadili kwenda tramu ya T1, unatelemkia Sultanahmet, kando ya Hagia Sophia yenyewe, kanisa la kale lililogeuzwa msikiti. Hakuna ngazi nyingi, hakuna teksi ya kugombana nayo. Niliichora kwa mishale.

Asubuhi moja ya Aprili, siku chache kabla ya kuondoka, Shangazi akanipigia simu. Alikuwa amesikia redioni.

"Wamehamisha uwanja wa ndege."

"Nani?"

"Waturuki. Usiku. Wamebeba kila kitu kwa malori."

Nilicheka. Nikamwambia, Shangazi, tiketi ninayo hapa, imeandikwa IST, na IST ni Atatürk, nimehakikisha mara tatu. Akasema sawa mwanangu, kwa ile sauti yake ya kumwacha mtu aanguke mwenyewe.

Ilikuwa kweli. Uhamisho huo ulikuwa umeahirishwa mara kadhaa, ndiyo maana nami nikaacha kuufuatilia. Tarehe 6 Aprili 2019 wakaukamilisha: abiria walisimamishwa, malori yakavuta vifaa usiku na mchana, na ndege zikaanza kutua kwenye uwanja mpya upande wa Bahari Nyeusi, mbali kabisa na ule wa zamani ulio ufukweni mwa Marmara. Herufi IST walihama nazo. Tiketi yangu haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inanipeleka mahali pengine kwa jina lilelile. Na huko hapakuwa na metro wakati huo. Mishale yangu yote ikafutika.

Nilimpigia kumwomba radhi. Akaniuliza tu, "Basi lipo?" Lipo. "Basi tutapanda basi."

Tulifika Ijumaa usiku. Basi lilituchukua zaidi ya saa nzima, na yeye alilala njia yote. Jumamosi tukazunguka Sultanahmet kwa utaratibu wa daftari na ramani, wala sina la kulalamika. Hagia Sophia, lililojengwa kwa amri ya Mfalme Justinian na kukamilika mwaka 537, bado lilikuwa jumba la makumbusho. Miezi kumi na tano baadaye likarudi kuwa msikiti. Msikiti wa Sultan Ahmed ulikuwa kwenye ukarabati, sehemu kubwa ya dari imefunikwa, na zile vigae za bluu za İznik tuliziona kwa vipande. Shangazi alisali rakaa mbili, akakaa kwenye zulia akilikanda goti, akaniambia kwamba zulia ni zuri. Mchana alikataa kila mgahawa wenye picha za chakula mlangoni. Akatuingiza uchochoroni, kwenye kijimkahawa cha mafundi, ambako masinia ya vyakula yamepangwa nyuma ya kioo na wewe unaonyesha kidole tu. Mahali pa namna hiyo panaitwa esnaf lokantası, na kwa asiyejua Kituruki hakuna penye raha kuliko hapo. Alionyesha vidole vitano. Vilikuja vitano.

Jumapili tulivuka kwenda Asia. Kadi ya usafiri ilikuwa moja, Istanbulkart, naigusisha mara mbili, yake na yangu. Yeye aliamini hadi mwisho kwamba tunawaibia. Feri ya kutoka Eminönü hadi Kadıköy ni dakika kama ishirini. Tulikaa nje, kwenye benchi la mbao, tukaagiza chai kwenye vile vigilasi vilivyobonyea kiunoni, na simit moja ya kugawana, mkate wa pete uliogandwa ufuta mwili mzima. Nusu yake walikula shakwe.

Mashua ilipopinda kwenye ncha ya mji mkongwe, Shangazi akanigusa bega.

"Zile dohani zote ni za nini?"

Juu ya miti, nyuma ya ukuta, kulikuwa na safu ndefu ya dohani zilizosimama bega kwa bega, kila moja na kofia yake. Kitu hicho sikukiandika popote. Nikafungua kitabu cha mwongozo.

"Ni Topkapı. Jiko la Masultani."

Hakunijibu. Aligeuka kabisa pale kwenye benchi, chai mkononi, akazitazama dohani zile mpaka zikawa ndogo.

Kadıköy kulikuwa na kijana mwenye sinia la kome, wale wa maganda meusi, ndani wamejazwa wali wenye pilipili manga, zabibu ndogo na harufu ya mdalasini. Midye dolma. Anafungua ganda kwa dole gumba, ganda la juu linageuka kijiko, anaminya limau, anakupa; kabla hujameza ameshafungua la pili. Hasimami mpaka umwambie. Shangazi hakumwambia. Alikula akiwa amesimama, macho amefumba, na maganda akiyarudisha siniani mwake. Mwisho kijana akahesabu: kumi na saba. Shangazi akaonyesha kwa vidole: kumi na sita. Wakayahesabu tena pamoja, mmoja Kituruki, mwingine Kiswahili, wakigeuza ganda moja moja, hadi kijana alipovuta moja lililokuwa limejibanza ndani ya jingine. Kumi na saba. Shangazi alicheka mpaka akashika nguzo, akalipa, akamwongezea lira mbili za ushindi.

Jumatatu ilikuwa ya Topkapı, na ilibidi iwe hiyo, maana kesho yake ni mlango uliofungwa. Niliipanga kwa dakika. Ua wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha Harem, makao ya wanawake wa kasri, saa tisa, ambayo wakati huo ilikuwa na tiketi yake ya peke yake na nilikwishainunua. Majiko nikayapa robo saa, kwa heshima ya dohani.

Tuliingia majikoni, na hatukutoka.

Ni kumbi ndefu, kuba moja baada ya nyingine, zilizojengwa upya na Mimar Sinan, mbunifu mkuu wa majengo ya Masultani, baada ya moto wa 1574. Unaposimama chini ya kuba na kutazama juu, unaiona ile dohani kwa ndani, inapanda ikijibana hadi kwenye duara la mwanga. Kuna masufuria ya shaba ambayo mtoto anaweza kuoga ndani. Kuna vyombo vya Kichina kabati hadi kabati, pamoja na vile vya kijani ambavyo inasemekana hubadilika rangi vikitiwa chakula chenye sumu. Watu walikuwa wakipita, wakipiga picha, wakienda zao kutafuta dhahabu. Shangazi alisimama mbele ya mwiko mmoja mkubwa, akaupima kwa mkono wake mwenyewe, akanyanyua kidogo bega kama anayekoroga.

"Huyu aliyeshika hii," akasema, "bega lake lilimuuma mpaka anakufa."

Nikaangalia saa. Nikakohoa. Nikataja Harem. Akahamia sufuria lililofuata. Alitaka nimsomee kila kibao, halafu nikimaliza anasahihisha: hapana, hii si ya wali, ona mdomo wake, hii ni ya mchuzi. Alinieleza walivyokuwa wakipokezana kuni, nani alikaa karibu na moto na nani alikatwa mkono na kisu, kana kwamba yeye alikuwapo zamu ya asubuhi. Saa tisa ilipita tukiwa kwenye vyombo vya sharubati.

Tulipotelemka Gülhane jua lilikuwa linalegea. Tulipu zilikuwa zimejipanga vitandani mwake, nyekundu, njano, nyingine karibu nyeusi. Tukakaa kwenye benchi. Alinyoosha mguu wa kulia mbele yake, akalikanda goti kwa viganja viwili, polepole.

"Hebu ile karatasi yako," akasema. "Nisomee, sasa tunatakiwa tuwe wapi?"

Nikaikunjua. "Harem, saa tisa."

"Imepita. Kinachofuata?"

"Chakula cha jioni."

"Hapo sasa," akasema, akanipa mkono nimwinue.