Punda wa kila mtu

Kabla ya kuruhusiwa kugusa kitabu chochote nilipewa karatasi niisome kwa sauti mbele ya karani. Ilikuwa ahadi ya wasomaji wa Maktaba ya Bodleian, Oxford: sitachukua kitu, sitaharibu kitu, sitaingiza moto humo wala kuuwasha. Nikaisoma mpaka mwisho kwa uso wa heshima. Nje mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumatatu, na moto ndio kitu pekee nilichokuwa nikikitamani.

Hiyo ilikuwa Oktoba 2016. Mwezi uliofuata tukaanza darasa la kusoma miswada, yaani vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, watu watano na mwalimu, mama wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Tulikutana chumba cha juu katika jengo la Weston la maktaba hiyo. Mezani palikuwa na mito ya sponji, na juu yake kitabu kidogo kinene kama tofali, kurasa zake zimezuiwa kwa kamba nzito zilizotiwa madini ya risasi ndani. Wenyewe huziita nyoka. Kalamu ya wino ni marufuku, penseli tu.

Nilitarajia kurasa za ngozi. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu ngozi za ndama na za mbuzi, jinsi upande wa manyoya unavyotofautiana na upande wa nyama, hata nikajiona mjuzi. Kumbe ni karatasi, karatasi nzito ya matambaa, ya karne ya 15, kutoka Italia. Wala hapakuwa na dhahabu wala picha. Aliyekiandika hakuwa na haja ya kumpendeza mtu. Mistari ilikuwa imebanana kama dagaa katika gunia.

Na yaliyomo ndani yalizaliwa hatua chache kutoka pale tulipokaa. Mwanamantiki William Heytesbury alikuwa Merton College, chuo kimojawapo cha Oxford, miaka ya 1330, na mwaka 1335 aliandika kanuni zake za kufumbua mafumbo ya mantiki. Baadaye Waitaliano ndio walioishika mantiki hiyo ya Waingereza kwa mikono miwili. Mwanafalsafa Paolo wa Venezia alitumwa Oxford kusoma mwaka 1390, akarudi kwao nayo, na wanafunzi wa Padua na Pavia wakanakili mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu mwaka 1817 Bodleian ikanunua kwa mkupuo mmoja miswada kama 2,000 iliyokusanywa na padri Mjesuiti wa Venezia, Matteo Luigi Canonici. Chetu kilikuwa miongoni mwa hivyo. Mantiki ilitoka nyumbani kwa miguu, ikarejea ndani ya makasha.

Kila mtu alipewa mistari mitatu. Mimi nikawa wa mwisho, na hilo ni baya, maana unakaa ukiwasikiliza wenzako wakiteleza kama maji huku mbele yako unaona michirizi tu. Kilatini nilikianza ukubwani, Nairobi, katika vitabu vilivyopigwa chapa vizuri, kila neno kamili. Hapa herufi moja yenye kistari juu ni neno zima. Herufi g yenye o ndogo kichwani ni ergo. Ile ile yenye i ndogo ni igitur. Na zote mbili maana yake ni "basi". Kitu kama tarakimu 9 mwishoni mwa neno ni -us. Ipo kamusi nzima ya vifupisho hivi, ya Adriano Cappelli, iliyotoka 1899. Nilikuwa nayo begini, lakini begi lilikuwa limebaki kwenye kabati huko chini.

Zamu yangu ikafika. Nikaona Sor, nukta, kisha neno lililo wazi. Nikajikaza, nikasoma: soror currit. Dada anakimbia.

Mwitaliano aliyekaa kando yangu alijitahidi kutocheka akashindwa. Mwalimu hakucheka. Alisema kwa upole kwamba dada ni wazo zuri, ila huyu ni Socrates. Wanamantiki wa zama zile walimwita Sortes, na mara nyingi hawakujisumbua hata kumaliza jina. Kazi yake kubwa vitabuni ni kukimbia. Socrates anakimbia, Plato anabishana, ndivyo ilivyo ukurasa baada ya ukurasa. Mtu aliyekunywa sumu kwa ajili ya falsafa akaishia kuwa mkimbiaji wa mifano.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Na hapo, sijui kwa nini hapo, nikamkumbuka babu.

Babu alikuwa na tendi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, madaftari yaliyoliwa na mchwa pembeni. Nilipokuwa na miaka kumi alinikalisha barazani nisome. Kurani nilikuwa naisoma vizuri, kwa hiyo nikadhani itakuwa mchezo. Wapi! Waandishi wa zamani hawakuwa na herufi ya p, wala hawakuiandika m iliyo mbele ya b, na i na e walizipa alama moja. Neno moja lile lile laweza kuwa baba, laweza kuwa papa, laweza kuwa pamba. Nikasoma kwamba jahazi limebeba baba. Babu akafunga daftari taratibu, akaniambia: "Yua kwanda, kisa usome." Ujue kwanza, ndipo usome. Kisha akanighania ubeti wote kwa kichwa, akafungua tena daftari, na safari hii maneno yakakaa mahali pake. Jahazi lilikuwa limebeba pamba.

Nikamwomba mwalimu nirudie. Safari hii sikuangalia herufi moja moja. Nilijiuliza kwanza: mtu wa mantiki angesema nini hapa? Na mantiki nilikuwa nayo kichwani. Tangu karne ya 13 wanafunzi walikaririshwa aina za hoja kwa majina ya kubuni, Barbara, Celarent, Darii, Ferio, ambayo irabu zake ndizo zenye kazi: A tatu za Barbara ni kauli tatu za kukubali kwa jumla. Mimi siku zote niliisoma "Barabara", na sikuona kosa, kwa kuwa hoja yenyewe imenyooka barabara. Basi h yenye o na kistari ikawa homo. Lile kundi la vijiti ikawa animal. Asin na 9 yake ikawa asinus, punda. Nikasoma mistari yangu mitatu bila kusimama, nikaongeza wa nne ambao haukuwa wangu.

Hoja ilikuwa hii. Anayesema wewe ni punda anasema wewe ni mnyama. Anayesema wewe ni mnyama anasema kweli. Basi, anayesema wewe ni punda anasema kweli.

Ni mfano wa zamani, ulizunguka vyuo vingi. Heytesbury mwenyewe ametuachia mkusanyo mzima wa hoja za kuthibitisha kwamba wewe msomaji ni punda. Kazi ya mwanafunzi ni kuonyesha zinapovunjikia. Mwalimu akataka tufumbue. Mwenzetu mmoja akasema, sawasawa kabisa, kwamba ukweli umo katika sehemu tu ya kauli ya yule mtu, si katika kauli nzima. Kisha mwalimu akaniuliza mimi kama hoja inasimama kwa lugha yetu.

Nikamwambia inaanguka kabla ya kuanza. Kilatini animal ni chochote chenye uhai wa kuhisi, na mtu yumo. Kwetu mnyama ni mnyama. Nilishapigwa kofi na mama kwa kumwita binamu yangu hivyo, na sidhani Aristotle angenitetea. Lakini papo hapo nikasita, kwa sababu sarufi yetu inasema jingine: mtu anakimbia, punda anakimbia. Kiambishi ni kimoja. Jambo ambalo neno mnyama linalikataa, kitenzi chetu kinalikubali kila siku bila ya mtu kukasirika. Mwalimu alisogeza miwani ya kichwani ikashuka juu ya ile ya machoni, akaandika kitu kwa penseli. Sijui aliandika nini.

Sitaki nionekane namsifu babu kupita kiasi. Kujua kwanza kuna hatari yake. Huyo huyo Ghazali tuliyemheshimu madrasa aliyaeleza maoni ya wanafalsafa ili baadaye ayabomoe. Kitabu kikatafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo, Hispania, karne ya 12, kikasambaa mara nyingi bila utangulizi uliotaja nia hiyo, na Walatini wakamhesabu Algazel, kama walivyomwita, kuwa mfuasi wa Ibn Sina, mmoja wa wanafalsafa hao hao. Walijua kwanza, wakasoma, wakakosea. Nami "soror" nilikuwa nimeijua tangu somo la kwanza la Kilatini.

Chini kidogo ya ukurasa palikuwa na kauli nyingine, nikainakili daftarini kwa kuwa ilinichekesha: cuiuslibet hominis asinus currit. Punda wa kila mtu anakimbia. Wanamantiki walibishana kama ni punda mmoja wa wote au kila mtu na wake.

Usiku nikampigia simu ami, ambaye Lamu anapakia mchanga na saruji kwa punda wake kutoka gatini. Akaniuliza huko Ulaya wananisomesha nini, na nilikuwa nimechoka mno kusema uongo. Nikamwambia punda. Nikamsomea ile kauli, kwa Kilatini kwanza ili aone ada haikupotea bure, kisha kwa Kiswahili.

Alinyamaza kidogo.

"Kila mtu?"

"Kila mtu, ami."

"Waambie wangu hakimbii."