Usiku wa Dead Moon pale Groningen

Kabla gitaa halijalia, mshumaa uliwashwa. Ulichomekwa kwenye mdomo wa chupa ya Jack Daniel's, chupa yenyewe imekaa juu ya dramu kubwa, na nta za usiku mwingi zilikuwa zimeganda kuizunguka. Nilikuwa nimesimama karibu na jukwaa kiasi cha kuona mwali ukitikisika kila dramu ilipopigwa.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Novemba 2006, ndani ya klabu ya Vera mjini Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Nilikuwa mwanafunzi. Jirani yangu, aliyekuwa anajitolea pale Vera kama walivyo wengi wanaoiendesha klabu hiyo, alinitoa chumbani kwa maneno machache: kuna mume na mke kutoka Oregon, Marekani, bendi yao inaitwa Dead Moon, wanapiga muziki wa gereji, njoo uwaone. Muziki huo uliitwa hivyo kwa sababu vijana wa huko, miaka ya 1960, walifanyia mazoezi kwenye gereji za nyumbani kwao. Koo zinakwaruza, gitaa linaunguruma, kordi (noti zinazopigwa kwa pamoja) tatu nne, basi.

Mume, Fred Cole, mwimbaji na mpiga gitaa, alikuwa na miaka 58. Mwembamba, nywele ndefu, na shavuni kachora tatuu ya mwezi, nembo ya bendi yao. Mkewe Toody alipiga besi, Andrew Loomis dramu. Walisimama wamebanana katikati ya jukwaa ingawa nafasi ilikuwepo tele. Fred alikuwa na sauti ya juu, kali, ya mtu anayelilia kitu, na Toody alipoingia kwa sauti yake nzito zaidi, mwili ulinisisimka. Wale walikuwa watu wa rika la wazazi wangu. Sikuwahi kuona watu wa umri huo wakijitoa jukwaani namna ile, bila kubakiza chochote cha kesho.

Katika mapumziko ya kuvuta pumzi pale baa, jirani alinipa habari zao. Fred alianza kuimba akiwa kijana mdogo. Mwaka 1968 bendi yake ilitoa albamu kwa jina la The Lollipop Shoppe, jina ambalo meneja ndiye aliyewapachika. Kabla ya hapo walikuwa njiani kwenda Kanada kukwepa kuandikishwa kwa vita vya Vietnam, mafuta ya gari yakawaishia Portland, mji wa Oregon, na huko ndiko Fred alikomkuta Toody. Walioana mwaka 1967. Dead Moon waliianzisha mwaka 1987, wakiwa tayari wana watoto wakubwa, na safari hii hawakumwachia mtu mwingine kitu: lebo yao ya kutolea santuri, Tombstone, ilikuwa mali yao, na nyumba yao kule Clackamas, karibu na Portland, Fred aliijenga kwa mikono yake.

Kisha akanieleza habari ya mashine. Fred alikuwa na mashine ya mwaka 1954 ya kuchonga sahani mama, ile ambayo santuri zote huchapwa kutokana nayo. Ni mono, yaani sauti ya njia moja tu, haina stereo. Inasemekana ndiyo iliyochonga "Louie Louie", wimbo maarufu wa gereji wa bendi ya The Kingsmen. Alikaa nayo nyumbani, akachonga nyimbo zake mwenyewe, mfereji kwa mfereji.

Habari hiyo ilinigusa kuliko zote, kwa sababu ya baba yangu mdogo. Alipiga gitaa la rizimu katika bendi moja ya dansi Dar es Salaam, enzi ambazo bendi zilimilikiwa na mashirika. Gitaa halikuwa lake, wala spika, wala sare. Mwanamuziki akikorofishana na wakubwa, aliondoka na vidole vyake tu. Nchi nzima haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, na santuri zikachapwa Nairobi. Nyimbo alizopiga ujanani hana hata moja mkononi.

Mwezi uliofuata Dead Moon walitangaza kuvunjika, na onyesho lile la Vera ndilo lililokuwa la mwisho kabla ya kuvunjika huko. Fred na Toody waliunda Pierced Arrows mwaka 2007, Dead Moon wakarudi tena jukwaani mwaka 2014, kisha Andrew akafariki mwaka 2016 na Fred Novemba 2017. Lakini usiku ule hakuna aliyetuambia tunaagana nao, na nashukuru, maana tuliruka na kupiga kelele kama watu wenye kesho.

Wiki ileile nilimpigia baba mdogo. Nikamwamkia, nikamsimulia sauti, mshumaa, mke anayepiga besi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja.

"Vyombo vya nani?"

"Vya kwao, baba mdogo. Hata mashine ya kuchongea santuri ni ya kwao."

Akanitaka nirudie hilo la mashine, tena polepole. Halafu akasema nimtafutie picha yake, na nisimtumie picha ya bendi kwanza. Anataka kuiona hiyo mashine.