Mbegu Imezidi kwa Kilo Ngapi?

Ripoti ninayoihariri juma hili inahusu majaribio ya mbegu za viazi mviringo katika miinuko ya Mbeya. Mwandishi wake, kijana mwenye bidii na Kiingereza kizuri, ameandika "statistically significant", yaani "ya maana kitakwimu", karibu kila ukurasa. Nilipomshauri aupunguze msemo huo aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, si ndivyo makala zote zinavyoandikwa?" Nyingi huandikwa hivyo, nami sioni kuwa hiyo ni sababu ya kutosha.

Msemo huo una kazi moja tu. Unasema kwamba, lau mbegu hizo mbili zingekuwa hazitofautiani kabisa, basi tofauti iliyoonekana shambani, au inayoizidi, ingejitokeza kwa bahati mara chache, kwa kawaida chini ya mara 5 katika kila 100. Hausemi kwamba tofauti ni kubwa, wala kwamba kuna uhakika wa asilimia 95 kuwa mbegu mpya ni bora, ingawa tafsiri hii ya pili naikuta hata kwa watu wenye shahada za juu. Vipande vya majaribio vikiwa vingi vya kutosha, hata tofauti ya kilo chache kwa hekta, ambayo haiwezi kufidia bei ya mbegu, itaupita mpaka huo wa 5 katika 100. Vikiwa vichache, tofauti ya maana kwa mkulima inaweza kushindwa kuupita, na mwandishi akatangaza kwamba mbegu hizo ni sawa, jambo ambalo data zake hazikuthibitisha.

Mpaka wenyewe ulienezwa na mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, na katika kitabu chake cha mwaka 1925 aliueleza kuwa unafaa kwa urahisi wa kazi. Wanafunzi wetu wameugeuza kuwa amri. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko kikikumbusha kwamba thamani ya p, yaani ile namba inayolinganishwa na mpaka huo, haipimi ukubwa wa tofauti, na mwaka 2019 wahariri watatu wa jarida lake moja walipendekeza msemo wenyewe uachwe kabisa. Mimi sifiki huko. Naukubali, mradi utanguliwe na kiasi cha tofauti na kadirio la chini na la juu, na neno "significant" lisisimame peke yake pale mwandishi anapotaka tu kusema "kubwa".

Kijana amekubali kuziandika upya sentensi za sura ya matokeo. Kilichobaki ni vipimo, kwa sababu baadhi ya mavuno yaliandikwa kwa magunia, na katika nchi ya lumbesa gunia halina uzito mmoja. Nimemtaka arudi kwenye madaftari ya shambani atafute kilo.