Siku moja maishani mwangu: Julai ya maombi ya vyuo vya afya, Moshi

Saa 12 asubuhi. Mlima umejifunika wingu na mtaani kwetu Pasua kuna baridi. Sijamaliza chai, simu imeshaita mara nne. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kila mwenye mtoto aliyesoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) anatafuta wa kumuuliza.

Saa 2. Nafungua chumba changu nyuma ya steshenari, ninaposhauri na kuwajazia fomu wanaoomba vyuo. Wa kwanza ni kijana wa Rombo aliyepanda gari la alfajiri. "Shikamoo mwalimu. Nina pointi 7, udaktari napata?" Kemia C (pointi 3), Baiolojia D na Fizikia D (pointi 2 kila moja). Kigezo cha chini ni pointi 6, kwa hiyo kuomba anaruhusiwa. Ila vyuo vya KCMC hapa mjini na Muhimbili kule Dar huombwa na wenye A na B, na nafasi hugawanywa kuanzia juu. Namweleza hivyo hivyo, bila kumzungusha. Tunaweka udaktari, kisha uuguzi na sayansi ya maabara. Anauliza wa maabara anafanya nini. Namwambia ndiye anayemwona mdudu wa malaria kwenye darubini kabla daktari hajaandika dawa. Akatulia, akaomba nimsomee masomo ya kozi hiyo yote.

Saa 4. Mama na binti yake kutoka Kibosho. Cheti cha kuzaliwa kina jina lenye l mbili, cha kidato cha nne kina l moja. Herufi moja tu, lakini Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, na majina yasipofanana mtoto anakwama. Udaktari ni miaka 5, halafu mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini. Bila mkopo mama huyu ataulipia na nini? Namsihi aanze na jina, leo hii, chuo kitafuata. Vyeti naomba kuviona kabla ya kitu kingine chochote, na sitaacha.

Saa 7. Mtori, haraka.

Saa 8. Mzee kaja na mwanawe. Kemia B, Baiolojia C, Fizikia S. Mzee anataka udaktari, nijaze. Namwonyesha mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu: S, ufaulu mdogo, haifiki, hata masomo mengine yang'ae vipi. Kimya. Nachukua cheti cha kidato cha nne: Fizikia, Kemia na Baiolojia zote kafaulu. Basi kuna stashahada ya utabibu, miaka 3, maombi yake yako NACTVET, baraza la vyuo vya ufundi, na akifaulu vizuri anaweza kuja kuomba shahada. Mzee anatazama sakafu. Kijana ndiye aliyesema: "Baba, aliyemtibu bibi kule zahanati alikuwa tabibu." Mzee akavua kofia, akaiweka mezani. "Mjazie, mwalimu."

Nimewahi kuona watoto waliojaziwa ndoto ya mzazi peke yake. Oktoba inafika, wenzao wanafunga mabegi, wao wako nyumbani. Inaniuma kila mwaka.

Saa 11. Mtandao mzito. Binti mwingine kasahau nywila, barua pepe aliyojisajilia ni ya mjomba. Tumempigia mjomba.

Saa 3 usiku. Mama wa Kibosho anapiga. Kapekua sanduku, kapata cheti cha ubatizo: l mbili. Sauti yake imechangamka. Nimemwambia kesho saa 2 aje nacho, na cha kuzaliwa asikisahau.