Jembe Unapewa Siku ya Kwanza: Kukaa na Familia ya Kidenmark

Huku kaskazini mwa Tanzania Wadenmark si wageni. Wapo wanaojitolea kwenye shule za Moshi, wapo waliojifunza Kiswahili Usa River pale MS TCDC, kituo kilichoanzishwa na shirika la kwao. Ndiyo maana mialiko ya "na wewe njoo ukae kwetu" haikosi, na mara nyingi inatoka moyoni kweli. Ila mgeni kwetu anakaa siku mbili, ya tatu ndiyo apewe jembe. Kwa Mdenmark jembe unapewa siku ya kwanza, na huonyeshwi lilipo.

Karatasi kwanza. Mwenyeji anajaza fomu ya mwaliko, VU1, ambamo anaeleza mlijuana vipi na nani atagharamia nini. Wewe unaomba viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Denmark ikiwemo: ada ni euro 90 kwa mtu mzima, hairudi hata ukinyimwa, bima ya safari isipungue euro 30,000, pasipoti iwe na angalau miezi 3 mbele ya siku ya kutoka Ulaya na kurasa mbili tupu. Ombi halipokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, na lisipungue siku 15. Alama za vidole zinachukuliwa Dar es Salaam, kwa hiyo hesabu na nauli ya basi na malazi. Wengi wanakwama kwenye maelezo yanayogongana: mwenyeji ameandika atalipia kila kitu, wewe umeandika unajilipia, yeye kaandika wiki tatu, tiketi inasema sita. Kaeni kwenye simu mjaze pamoja. Barua ya kazi inayoonyesha likizo inaanza na kuisha lini ina uzito kuliko salio la benki lililoingia juzi.

Ukipanda ndege ya KLM kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ukaguzi wa pasipoti ya kuingia Schengen unafanyika Amsterdam, si Copenhagen. Nakala ya mwaliko, bima na namba ya simu ya mwenyeji viwe kwenye begi la mkononi. Kuna watu wanavipakia kwenye sanduku kubwa, halafu afisa anauliza unafikia kwa nani.

Zawadi nazo zina sheria. Nyama na maziwa, pamoja na jibini, kutoka kwetu haviingii Umoja wa Ulaya, hata mama akivifunga vizuri namna gani. Embe na parachichi vinahitaji cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nanasi na nazi havihitaji, jambo ambalo litamfurahisha Mchaga yeyote. Asali mwisho kilo 2. Zawadi isiyokosea ni kahawa ya Kilimanjaro iliyokwisha kukaangwa, maana Wadenmark wanakunywa kahawa asubuhi hadi usiku. Uliza tu kama wana mashine ya kusagia. Plagi yetu ya miguu mitatu bapa haiingii kwenye soketi zao, nunua adapta kabla hujaondoka. Koti la mvua na upepo tafuta soko la Memorial pale Moshi, kwenye mitumba. Kule ni afadhali nguo tatu nyepesi juu ya nyingine kuliko moja nene, kwa sababu ndani ni joto na utakuwa unavua na kuvaa siku nzima.

Sasa nyumbani. Viatu vinabaki mlangoni. Unampa mkono kila mtu, watoto pia, na unataja jina lako. Wanaitana kwa jina la kwanza, hata bibi wa miaka themanini, kwa hiyo shikamoo yako na "Mama Fulani" havina pa kukaa. Kwa aliyelelewa huku hilo ni gumu kuliko baridi, lakini ukikwepa jina la mtu wataona unajitenga.

Chakula cha jioni kinaliwa mapema, mara nyingi saa 12, na ukiambiwa saa 12 ni saa 12. Bakuli linapitishwa, unajipakulia. Hapa ndipo wengi wetu wanalala njaa: unaulizwa kama unaongeza, unasema hapana kwa adabu ukingoja kubembelezwa, na bakuli limeshapita. Kule hapana ni hapana. Mkimaliza unasema "tak for mad", asante kwa chakula, kisha unainuka na sahani yako hadi kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Dada wa kazi hakuna, hata kwenye nyumba yenye magari mawili.

Waislamu na Wasabato waseme mapema, kabla ya kupanda ndege. Leverpostej inayopakwa kwenye mkate mweusi wa rai (nafaka jamii ya ngano) ni maini ya nguruwe, na zile kababu zao, frikadeller, mara nyingi zina nguruwe pia. Hawaudhiki ukisema, wanaudhika ukiacha chakula bila kueleza.

Ukishaoga, utaona fito yenye mpira imeegemea ukutani. Si pambo. Unavuta maji yote ya sakafuni hadi kwenye tundu. Nyumba zao zimezibwa zisipitishe baridi, unyevu ukibaki ndani ukuta unaota ukungu. Kwa sababu hiyohiyo wanafungua madirisha wazi dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, hata kukiwa na barafu. Funga kwanza hita ya ukutani: kidhibiti chake kikipigwa na hewa baridi kinafungulia maji ya moto zaidi, na bili ni ya mwenyeji.

Taka zinagawanywa hadi aina 10: mabaki ya chakula, karatasi, plastiki, chuma na kadhalika. Usibahatishe, uliza. Chupa na makopo ya soda yenye alama ya pant, yaani amana uliyolipia dukani, hayatupwi. Mashine ya dukani inarudisha kroner 1, 1.50 au 3 kwa kila moja.

Baiskeli ndiyo itakayokutoa jasho. Wanaendesha kulia, na hatari kubwa ni kwa mtembea kwa miguu anayetazama upande usio wake kisha akaingia kwenye njia ya baiskeli. Baiskeli nyingi zina breki ya kanyagio: ukikanyaga kinyumenyume, kama tunavyozoea kufanya tukiteremka, gurudumu la nyuma linagoma papo hapo. Jaribu uani kwanza. Unaponyoosha mkono unaonyesha unakokata; ukiuinua juu unasimama. Kukata kushoto hakufanyiki katikati ya barabara: vuka moja kwa moja hadi upande wa pili, simama, kisha geuka. Giza likiingia taa za mbele na nyuma ni lazima, na Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni.

Fedha ni kroner, si euro. MobilePay yao ni kama M-Pesa yetu ila inataka akaunti ya benki ya Denmark, kwa hiyo beba kadi ya Visa na waarifu benki yako kabla ya safari. Siku ya kuondoka vua foronya na mfuko wa duveti, uviweke penye mashine ya kufulia bila kuambiwa.