Uwanja wa shabaha wa klabu: tuta, amri na dakika za kusubiri

Wanaofikiria kuanzisha klabu ya shabaha na michezo ya nje huanza na orodha ya bunduki. Hiyo ndiyo kazi nyepesi. Sheria ya silaha ya nchi yako itakuambia nani aruhusiwe kushika nini, zifungiwe wapi, na risasi zitengwe vipi na bunduki. Yanayobaki hayajaandikwa kwenye kibali chochote, nayo ndiyo yanayofunga viwanja: udongo usiotunzwa, na zile dakika ambazo watu wameacha kufyatua lakini bunduki bado ziko mezani.

Tuanze na tuta la nyuma, lile linalopokea risasi. Kwa uwanja mdogo wa bastola na bunduki za .22 (zile ndogo zenye mtutu wa inchi 0.22 hivi), mita 3 za kwenda juu ndicho kiwango cha chini ninachoweza kukikubali. Bunduki kubwa zinataka tuta la mita 6 au zaidi. Upande unaopigwa uwe mkali kadiri udongo unavyoweza kusimama, nyuzi 45 hivi. Mchanga mtupu hausimami hivyo. Utaporomoka mpaka ufike kwenye nyuzi thelathini na kitu, na uso uliolala namna hiyo unairuhusu risasi iteleze na kupaa. Nusu mita ya kwanza ya uso huo isiwe na jiwe hata moja, kwa hiyo udongo wake uchekechwe kabla ya kumwagwa. Na msijidanganye kwamba .22 ni risasi ya mchezo: ikipaa kwa pembe mbaya husafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Tuta linasaidia, lakini lazima pia ujue kuna nini nyuma yake.

Matairi ya gari hupendwa sana kujengea tuta kwa sababu yanapatikana bure. Tairi tupu, au lililojazwa udongo nusunusu, huirudisha risasi ya mwendo mdogo kwa yule aliyeipiga, na .22 na bastola ndizo hasa zenye tabia hiyo. Kama hamna budi kuyatumia, yashindilieni udongo mpaka yajae, kisha yafunikeni kwa udongo laini ili risasi isiuguse mpira.

Kosa ambalo wengi hawalioni ni urefu wa shabaha. Chukua mlengaji aliyesimama, mdomo wa mtutu uko mita 1.5 kutoka ardhini, na shabaha iko mita 25 mbele, sentimita 25 tu juu ya ardhi. Risasi inashuka mita 1.25 ndani ya mita 25, yaani sentimita 5 kwa kila mita. Ikishatoboa karatasi itagusa ardhi mita 5 nyuma yake. Kama tuta liko mita 10 nyuma ya shabaha, risasi imegonga sakafu ngumu kwa pembe isiyofika nyuzi 3, na pembe hiyo ndiyo ya kudunda. Inaweza kabisa kulivuka tuta. Dawa yake haina gharama: shabaha zisogezwe hadi mita 2 au 3 kutoka tutani, na kila mkao uwe na urefu wake. Kwa mashindano ya kimataifa, katikati ya shabaha ya bunduki ya upepo ya mita 10 ni mita 1.40 kutoka usawa wa sakafu ya mlengaji, wakati ile ya mita 50 ni sentimita 75. Vipimo hivyo vinafaa hata kwa klabu isiyo na ndoto ya medali.

Sasa udongo wenyewe. Risasi ya kawaida ya .22 ina uzito wa gramu 2.6 hivi. Watu 20 wakipiga 50 kila mmoja kwa wiki, mmezika kilo 2.6 za madini ya risasi. Kwa mwaka ni kilo 135. Hazitawanyiki. Kila njia ya kulengea huchimba shimo lake tutani, mahali palepale nyuma ya karatasi, mpaka risasi mpya zianze kugonga risasi za zamani. Utazijua dalili: mikwaruzo inayong'aa upande wa nyuma wa fremu za shabaha, na vipande vilivyopondeka vinavyookotwa karibu na mstari wa kufyatulia. Ukishaona hivyo, funga njia hiyo siku hiyohiyo.

Kuchimbua ni kazi ya siku yenye udongo mnyevunyevu, kwa sababu udongo mkavu hutoa vumbi lenye sumu na udongo wa matope huziba chekeche. Matundu ya chekeche yawe ya milimita 5 au chini, risasi ya .22 ina kipenyo kinachokaribia milimita 5.7, hivyo chekeche la milimita 6 litaipitisha kama halikuiona. Wachimbaji wavae barakoa ya vumbi iliyo bora, glavu, na nguo ambazo hazitapanda gari kwenda nyumbani. Udongo uliochekechwa urudishwe tutani kwa sababu bado una chembechembe. Usipelekwe bustanini wala usitolewe sadaka kwa jirani anayejenga. Pima pia uchachu wa udongo. Ukiwa kati ya pH 6.5 na 8.5 madini hayayeyuki kirahisi kwenda na maji. Ukishuka chini ya hapo, nyunyiza chokaa ya kilimo. Nyasi fupi kwenye tuta na mfereji unaozungusha maji ya mvua yasipite usoni mwake vinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Mtunze daftari la idadi ya risasi kwa kila njia. Walengaji hupenda njia za katikati, na bila daftari mtashangaa njia ya tatu imeoza wakati ya nane ni kama mpya.

Nikija kwenye watu: msimamizi wa uwanja ni mmoja, halengi siku hiyo, na sauti yake inasikika mpaka mwisho wa mstari hata kwa aliyefunika masikio. Amri ziwe chache na zisibadilike neno: pakia, anza, acha, ondoa risasi. Neno "acha" ni mali ya kila mtu, hata mgeni aliyekuja kutazama, na akilitamka wote wanaacha bila kuuliza kwa nini. Kuuliza ni baadaye.

Ajali huvizia wakati wa kwenda kubadilisha karatasi. Utaratibu wake hauna njia ya mkato. Msimamizi anasema acha, kisha ondoa risasi. Mlengaji anatoa magazini, anavuta bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) nyuma kabisa, anatazama ndani ya chemba, yaani pale risasi inapokaa, halafu anaingiza kidole kidogo kama chemba inakiruhusu, kwa sababu macho yaliyochoka huona kile yanachotarajia kuona. Kibendera cha chemba chenye rangi kali kinaingizwa, ulimi wake ukiingia ndani ya chemba yenyewe. Kibendera kilichoning'inizwa tu kwenye bolti hakithibitishi kitu. Bunduki inalazwa mezani, mdomo ukielekea tutani. Watu wote wanarudi nyuma ya mstari wa manjano, hatua mbili kutoka mezani. Msimamizi anapita bunduki moja moja. Hapo ndipo bendera nyekundu, ile inayopeperushwa wakati wa kufyatua, inashushwa na watu wanakwenda mbele, na mpaka wa mwisho arudi hakuna anayegusa bunduki, hata kwa kuifuta vumbi, hata kwa kuirekebisha darubini. Huyu wa darubini ndiye msumbufu mkuu wa viwanja vyote. Ana nia njema na muda wa kupoteza. Mpe kiti kilicho mbali na meza.

Risasi ikigoma kulipuka, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua bolti, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Jambo baya zaidi ni mlio hafifu, "puf" badala ya mshindo. Huenda risasi imekwama katikati ya mtutu, na ikifuatwa na nyingine mtutu unapasuka. Anayesikia mlio huo, awe ndiye au jirani yake, aseme acha. Bunduki ifunguliwe, risasi ziondolewe, kisha ufito upitishwe kuhakikisha mtutu uko wazi. Mafunzo ya wanachama wapya yatumie muda mwingi hapa kuliko kwenye kulenga.

Masikio: .22 ya mtutu mrefu hufika karibu na desibeli 140, na bunduki kubwa huvuka hapo kwa mbali. Chini ya paa, vizibo vya ndani na vifunika masikio vya juu vivaliwe pamoja. Mikono: sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula, na chakula kisifike kabisa kwenye mstari. Msifagie maganda ya risasi kwa ufagio mkavu, moshi wa praima (kiwashio cha baruti) huacha vumbi la madini sakafuni. Lowesheni sakafu, kisha myakokote. Watoto wasiokote maganda kwa kofia zao. Ni tabia iliyozoeleka na inaonekana ya kupendeza, lakini kofia hiyo inarudi kichwani na mikono inakwenda mdomoni.

Klabu yenye upinde na mishale pia ina tatizo lake la pekee, nalo ni filimbi. Katika upinde, filimbi mbili huwaita wapiga mishale mstarini, moja huanzisha upigaji, tatu huwaruhusu kwenda kuchomoa mishale, na tano au zaidi ni hatari, wote waache. Sasa weka uwanja huo jirani na ule wa bunduki. Mlengaji mpya wa bunduki, masikio yamefunikwa, anasikia filimbi kwa mbali, anaona watu wanakwenda mbele, naye ananyanyuka kuwafuata. Upinde ubaki na filimbi, bunduki zitumie sauti na bendera, na kati ya viwanja viwili kuwe na tuta la pembeni au saa tofauti. Mimi napendekeza saa tofauti, hazihitaji tingatinga.

Mpiga upinde asivute ugwe huku mkono wa upinde ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa. Vidole vikiteleza hapo, mshale unaweza kwenda mita 200 na zaidi, nje ya kila hesabu mliyofanya. Mshale wa kaboni uliogonga mbao au mshale mwenzake ukaguliwe kabla ya kurudi kwenye podo: ushike ncha mbili, uukunje kidogo huku ukiuzungusha, usikilize. Ukitoa mlio wa kukwaruza, uvunje vipande viwili papo hapo, mtu mwingine asiuokote na kuutumia. Mshale ulio na ufa hupasuka ugwe unapoachiwa, na vipande vyake huingia kwenye mkono ulioshika upinde. Wakati wa kuchomoa, asisimame mtu nyuma ya anayevuta, kwani mkia wa mshale uko usawa wa macho.

Bunduki za upepo za kisasa hutumia silinda ya hewa ya bar 200 au 300. Zijazwe polepole, hewa inayobanwa haraka huchemka na kukudanganya kwenye kipimo. Zijazwe hewa kavu tu. Oksijeni ya hospitali au ya welda ikikutana na mafuta ndani ya silinda ni mlipuko. Na someni tarehe iliyochongwa kwenye silinda yenyewe: kanuni za mashindano ya kimataifa haziruhusu silinda iliyozidi miaka 10, hata kama inaonekana mpya na haivuji.