Saa tatu ya nani?

Hapa kwetu ukimaliza kidato cha sita, matokeo ndiyo yanakusemea. Unajaza maombi, unachagua kozi, unasubiri. Kwa kozi nyingi hakuna anayehitaji hata kuiona sura yako. Kwa hiyo chuo kimoja cha Marekani kiliponiandikia kwamba nitahojiwa kwa video na mhitimu wao, nusu saa, nilijiandaa kwa njia pekee niliyoijua. Nilikariri.

Kurasa mbili nzima. Kaka ndiye alikuwa mhoji wangu, amekalia ndoo uani kwetu Nkuhungu, Dodoma, miwani ya baba puani. "Jieleze." Nikaanza kumwaga. Sentensi ya tatu akanikata: "Unasoma ukutani wewe." Tukarudia, akanikata tena. Siku ya nne nilimrushia kandambili.

Kilichonishinda hasa ni kujisifu. Nimelelewa kwamba mtoto mwenye adabu akiulizwa na mgeni anajibu kwa kifupi, macho chini. Sasa huyu mtu mzima nisiyemjua anataka nimweleze uzuri wangu! Kaka akasema niachane na "mimi ni mchapakazi", nitaje nilichofanya Jumamosi. Jumamosi nilikuwa Mpunguzi na mama, shamba la zabibu. "Basi sema hicho." Nikaona ananipotezea muda.

Siku yenyewe ilikuwa Januari. Saa tatu asubuhi niko mbele ya laptop ya kuazima, juu blauzi iliyopigwa pasi, chini kanga. Kimya. Saa tatu na nusu, kimya. Saa nne nilishaanza kulia, ndipo kaka akaisoma ile barua pepe kwa sauti: 9:00 AM EST, saa za mashariki ya Marekani. Mimi nilikuwa nimesoma EAT, saa zetu za Afrika Mashariki. Herufi moja tu! Majira yale wako nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo saa tatu yao ni saa kumi na moja yetu ya jioni. (Wewe unayesubiri usaili wako, nenda kaangalie sasa hivi.) Nikavua blauzi, nikaenda kuosha vyombo.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano, mvua. Nyumba yetu ni bati tupu, haina dari. Yule mhitimu, mama mmoja, alipotokea kwenye kioo, kabla hata ya "jieleze", akauliza huo mlio ni wa nini. Nikamwambia ni mvua, na mama yangu hataipenda.

"Kwa nini?"

Kurasa mbili zikayeyuka. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nikamwambia Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na hizi za Februari na Machi mvua ikizidi zinapasuka, zinaingia ukungu. Nikamweleza habari ya mchuzi wa zabibu, kwamba mnunuzi akichelewa ni bora kukamua kuliko kuozesha, na kwamba mchuzi nao ukikaa vibaya unachachuka, na hapo ndipo nilipoanza kuitaka kemia. Alikuwa anaandika. Nilikuwa napiga kelele ili nisikike, adabu yote imekwenda na maji.

Mwishoni akauliza kama nina swali. Nilikuwa nalo moja: baridi ya mwaka wa kwanza aliivukaje? Akacheka, akasimulia mpaka muda ukapita.

Mama alikuwa mlangoni muda wote, na ndoo ya kukinga maji. "Nusu saa yote zabibu tu? Na masomo mmeongea saa ngapi?"

Usiku nikatuma barua ya shukrani, bando likakata.